Moshi wa Bi Mwanne na Anga la Uwanja

"Bibi, anga la juu ya shamba lako ni la nani?"

Nilimwuliza Bi Mwanne swali hilo mwaka 1950, nikiwa darasa la tatu. Alikuwa ameinama anafyeka pori, jasho linamtiririka mpaka puani. Alinyooka taratibu, akashika kiuno, akatazama juu, kisha akanitazama mimi.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo bibi zetu wanavyotuita sisi wajukuu wa kiume, "umekuja kunisaidia kufyeka, au umekuja kunikagulia mawingu?"

Akainama tena. Swali langu likabaki pale pale, juu ya visiki.

Bi Mwanne hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa jirani yetu huku Nachingwea, nyuma ya uwanja wa ndege, na kati ya nyumba yake na yetu palikuwa na ua wa mabua ya mtama tu. Ua wenyewe ulikuwa na tundu, na kwa tundu lile tulipeana moto, chumvi na habari. Alizaliwa upande wa Ruangwa, wakati wa njaa iliyofuata vita vya Maji Maji. Mama yake alimlisha ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo mpaka leo watu wa kwetu huichimba chakula kikipungua. "Mimi nimelelewa na shimo," alipenda kusema. "Usinitishe kwa jembe." Mumewe alikufa zamani, sikumkuta. Alibaki na mtoto mmoja, Mwamini, na mkwe mmoja, Bashiri.

Huyu Bashiri lazima nimweleze, kwa sababu bila yeye hakuna kisa. Alikuwa kijana wa Kimakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka mto kuja kutafuta kazi wakati wa mradi wa karanga, matrekta yalipokuwa yakiunguruma huku usiku na mchana. Akampata Mwamini, akaoa, na kama ilivyo desturi yetu akahamia kwao mke. Baadaye akapata kazi ya ulinzi uwanjani. Alifukuza mbuzi ndege ikikaribia, na alitunza ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inia mlingotini kuonyesha upepo unakokwenda. Sisi watoto tuliuita "mguu wa suruali".

Sasa, kwetu mkwe hatazamani na mama mkwe. Tangu harusi, Bashiri na Bi Mwanne walikuwa hawajaangaliana usoni wala kusemezana. Wakikutana njiani, Bashiri aliingia majanini akageuka kama anachungulia kiota cha ndege, mpaka mama apite. Walikula chakula cha ghala moja, waliishi ua mmoja, na kama kulikuwa na neno, lilipita kwa Mwamini. Wala haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na kwa kweli sijaona watu walioheshimiana kama wale.

Swali langu la anga lilitoka wapi? Lilitoka kwa jumbe. Mwaka ule, mwezi wa kumi ulipokuwa unaishia, jumbe alipita vitongojini akatangaza kwamba upande wote wa mawio ya uwanja ni marufuku kuchoma mashamba mpaka mvua inyeshe, kwa sababu moshi unaingia katika anga la uwanja na ndege haioni pa kutua. Mimi neno anga nilikuwa nalijua. Mwalimu Linus alitufundisha kuwa ni huko juu kwenye jua na mawingu. Lakini sikuwa nimesikia kwamba anga linaweza kuwa la mtu, kama kisima au kama mkorosho. Nikawaza: ikiwa uwanja una anga lake, basi na shamba la Bibi lina lake. Nikaenda kuuliza. Yaliyonipata mmeyasikia.

Tangazo lile lilimwangukia Bi Mwanne vibaya. Alikuwa anamalizia kufyeka pori jipya, kubwa kuliko la mwaka uliotangulia, apande mtama na ufuta. Pori lililofyekwa ni lazima lichomwe likiwa kavu, mvua haijaja. Mvua ikikutangulia, matawi yanalowa, majani mapya yanaota katikati yake, na shamba limekufa kabla ya kuzaliwa. Kumwambia mkulima achome baada ya mvua ni kama kumwambia aanike nguo mtoni. Na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila jioni upande wa Ruponda.

Jioni ya tangazo nilikuwa karibu na lile tundu la uani, nikasikia yote. Bi Mwanne alikuwa amekaa jikoni. Bashiri alikuwa nyuma ya ukuta, upande wa barazani. Mwamini alisimama mlangoni, katikati.

"Mwamini," alisema Bashiri kwa sauti ya chini, "mwambie mama shikamoo."

"Mama, shikamoo yako."

"Marahaba. Mwulize mkwe wangu, wakubwa wake wanajua mtama unalimwaje?"

"Amekusikia, mama, hana pamba masikioni."

"Mimi sikusema naye. Mwulize."

Mwamini akashusha pumzi. "Unaulizwa, wakubwa wako wanajua mtama unalimwaje?"

"Mwambie mama wanajua kula mkate," alisema Bashiri. "Mwambie pia, kwa adabu, kwamba mlinzi wa upande ule ni mimi. Moshi wa shamba letu ukiingia uwanjani, kazi yangu imekwisha siku hiyo hiyo."

Nikasikia Bi Mwanne anachochea kuni.

"Mwambie mkwe wangu," alisema mwishoni, "ghala likiwa tupu, kazi yake haitapikika chunguni."

"Mwambie mama najua."

"Mwambie najua kuwa anajua."

"Haya basi, semezaneni wenyewe!" Mwamini alifoka. "Mimi mtoto yuko mgongoni analia, na nyinyi mnanigeuza posta!"

Hakuna aliyethubutu kucheka, ila mimi, na nilicheka kwa kujiziba mdomo.

Hapo kuna jambo ambalo mtu wa mbali hatalijua. Bi Mwanne, kila mwaka kabla ya kuchoma, alikuwa na tabia aliyorithi kwa mama yake. Alitazama upepo, kisha akapita nyumba moja moja za upande moshi utakakoelekea. Alipiga hodi na kusema, "Kesho nachoma. Moshi wangu unaomba njia." Mwenye nyumba alijibu, "Upite, usikae." Basi watu wakaondoa makopa ya muhogo juani, wakaanua nguo, mwenye mgonjwa wa kifua akampeleka kwa ndugu. Asiyeomba njia akachoma tu, alisemwa mwaka mzima. Na upande moshi wake ulikoelekea mwaka ule palikuwa na nyumba moja kubwa isiyo na mlango. Ni ule uwanja.

Kwa hiyo alivaa kanga zake mbili nzuri, akaenda kuupigia hodi.

Tulikuwapo watoto wengi, kwa sababu ilikuwa siku ya ndege na sisi ndege haikutupita. Bi Mwanne alikwenda mpaka kwenye mawe yaliyopakwa chokaa pembezoni mwa uwanja, akavua ndara zake, akaketi chini na kuita, "Hodi!" Alirudia mpaka mkubwa wa uwanja akatoka kwenye kibanda chake. Alikuwa mzungu mwembamba, sisi tulimwita Bwana Miwani. Kiswahili chake kilikuwa cha amri na cha jikoni. Bi Mwanne naye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, mambo mazito aliyasema kwa Kimwera. Alihitajika mkalimani, na aliyekuwa karibu ni Bashiri.

Bashiri alipoona aliyeketi ni nani, aligeuka kama aliyepigwa kofi. Akashusha kofia yake mpaka machoni, akaukabili mlingoti wa mguu wa suruali.

"Bashiri! Mama huyu nasema nini?"

Bi Mwanne akasema la kwake, akiutazama udongo. Bashiri akauambia mlingoti, "Mama anasema moshi wake unaomba njia kupita hapa."

"Kwa nini wewe naongea na mti?"

"Bwana, mama huyu amemzaa mke wangu."

Bwana Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama kwamba kosa lilikuwa la vioo. Kisha akaonyesha kwa mkono wake, kutoka jiwe jeupe la kwanza mpaka la mwisho, halafu akaupandisha mkono juu, juu kabisa. "Kutoka hapa, juu yote, anga ya uwanja. Moshi hapana. Moshi naingia, ndege naanguka, watu nakufa. Na Bashiri kazi kwisha."

Bashiri akatafsiri yote, hata hilo la kazi yake, kwa sauti ile ile. Bi Mwanne alisikiliza vizuri. Nilimwona anayatazama yale mawe, halafu anapandisha macho polepole, kama mtu anayepima ukuta.

"Mwulize," alisema, "ukuta wa anga lake umesimama juu ya haya mawe?"

Bwana Miwani akasema ndiyo, hivyo hivyo.

"Na moshi wangu ukisimama kwangu, usivuke mawe?"

Hapo mzungu alicheka, na si kwa ubaya. "Moshi nasikia amri? Kama navuka hapana, shauri yake mwenyewe."

"Mama, anasema moshi usipovuka, ni juu yako," Bashiri aliuambia mlingoti.

Bi Mwanne akavaa ndara zake, akashukuru, akaondoka. Njiani nilimfuata nikimwuliza kama amekasirika. "Amenijibu vizuri," alisema. "Wengi hawanijibu."

Kesho yake alisimamisha ufito mrefu mpakani mwa shamba lake, akaufunga kipande cha kanga kuukuu. Akawa anautazama asubuhi, mchana, jioni. Mama yangu, Rabia, alikuwa wa kwanza kumcheka kupitia tundu letu.

"Shangazi! Nasikia na wewe umefungua uwanja!"

"Nimefungua."

"Ndege ya Ruponda inaondoka saa ngapi? Nina mzigo wa muhogo."

"Abiria wanene hatuchukui, Rabia. Kaa kwako."

Lakini kile kitambaa kilimfundisha jambo. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, kilining'inia kimekufa kabisa. Upepo ulikuwa haujaamka. Moshi wa saa ile ungesimama wima juu ya shamba lake mwenyewe, uende mbinguni bila kupitia kwa jirani. Taabu ni kwamba alfajiri kuna umande, na shamba zima haliwaki kwa umande. Basi akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kulifanya. Alivuta matawi yote aliyofyeka, akayakusanya marundo madogo madogo. Kila jioni aliyafunika baadhi kwa mikeka mibovu na nyasi za paa la zamani ili umande usiyafikie, na kila alfajiri aliyafunua na kuyachoma hayo tu. Jua likichomoza, ameshayazima kwa udongo.

Watu walisikitika. Kwetu kuchoma shamba ni siku moja kubwa. Moto unanguruma, watoto wanakimbiza ndezi, kazi ikiisha watu wananuka moshi na furaha. Yeye alichoma kama anayeonja mboga. "Mwanne hachomi shamba," wakasema, "analipika." Alidhoofu kwa kuvuta matawi. Viganja vyake vilichanika. Mwamini alimsaidia akiwa na mtoto mgongoni, na Bashiri, akitoka zamu, alivuta matawi upande wa pili wa shamba, akiwa amempa mgongo mama mkwe wake. Waliokuja kucheka waliwakuta hivyo, wamepeana migongo, katikati yao marundo. Wengine waliacha kucheka wakavuta tawi moja mawili kabla ya kwenda zao.

Na ilikuwa inawezekana. Kila siku mawingu yalisogea, na kila siku shamba jeusi liliongezeka. Bashiri alilala usingizi, kazi yake ipo. Ikabaki kona moja tu, ile ya karibu na uwanja, yenye matawi makubwa ya mninga.

Asubuhi ya kona ile nilikuwapo. Nilipita kabla ya shule, maana Mwamini aliniahidi ndezi akitoka. Bi Mwanne alitazama kile kitambaa: kimekufa. Akawasha. Moto ulishika vizuri, moshi ukapanda mnyoofu kama nguzo ya msikiti. Tukafurahi. Mwamini hata aliimba kidogo.

Kisha nikaona kitambaa kinatikisika.

Ulikuwa upepo wa mvua, ule unaokuja bila salamu. Nguzo ya moshi ikapinda kiunoni, ikalala, ikaanza kwenda kuelekea mawe meupe. Na kabla hatujasema neno tukasikia mlio. Ndege ilikuwa inakuja mapema kuliko siku zote. Ikashuka, ikakuta moshi umelala juu ya uwanja kama blanketi, ikanguruma, ikapanda tena. Ikageuka, ikaja juu yetu, chini sana mpaka mabua ya ua wetu yakatetemeka.

Bi Mwanne alisimama akaitazama. Kisha akauvamia ule moto. Hakushika jembe, alichota udongo kwa mikono na kuutupia, akapiga ndimi za moto kwa tawi bichi, kanga yake ikashika cheche. Mwamini alipiga yowe. Kutoka uwanjani Bashiri alikuja mbio, kofia imeanguka, akaruka mawe, akaingia kwenye moshi. Hapo sikuwaona tena ila kwa sauti.

"Mama! Huku! Upande huu!"

"Shika hilo gogo! Livute!"

"Mama, kanga yako inaungua!"

"Vuta, Bashiri, vuta!"

Alimwita kwa jina. Sote tulisikia. Moshi ulipopungua walikuwa wamesimama uso kwa uso, weusi kwa masizi, machozi yanawatoka, gogo limelala kati yao linafuka. Wakatazamana. Kisha wakakumbuka. Bashiri akageuka kulia, Bi Mwanne kushoto, wakajifunika nyuso kwa mikono.

Ndege ilizunguka tena, ikatua salama.

Bashiri hakusubiri kuitwa. Alikwenda mwenyewe, na Bi Mwanne alimfuata kwa nyuma, kanga imetoboka, akamwambia Bwana Miwani kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Moto wangu. Huyu amezima." Bwana Miwani alisikiliza. Nadhani alihuzunika, lakini neno lake alikuwa amelisema mbele ya watu. Kabla ya adhuhuri Bashiri alirudi nyumbani bila filimbi na bila kofia ya kazi. Jioni mvua ikanyesha, na ile kona ikalowa na matawi yake.

Watu walingoja ugomvi. Badala yake, Bashiri alimtuma Mwamini na jogoo kwenda kwa mama, kufuta aibu ya kutazamana. Bi Mwanne akampokea jogoo, akampika, akatuma nusu nyuma ya ukuta. Wakala, kila mtu upande wake. Siku ya pili Bashiri alichukua jembe akaanza kuing'oa ile kona isiyochomwa, kisiki kwa kisiki, na Bi Mwanne aliposhika jembe lake hakwenda upande wa mbali kama desturi ilivyotaka. Alilima karibu naye. Wazee wengine walinung'unika. Yeye alisema, "Aliyenivua moto mwilini nimfiche uso wa nini?" Mtama ulitoka mzuri penye majivu, na mdogo, wa kusikitisha, kwenye kona. Hawakushiba sana mwaka ule, wala hawakulala njaa.

Sisi sote tuliamini kwamba siku ile aliuvamia moto ili kuokoa kazi ya mkwe wake. Tulimsifu kwa hilo, tukamsikitikia pia, kwa kuwa haikuokoka.

Sasa ni mwaka 1954. Mimi nipo shule ya kati, nalala bwenini. Ndege naziona mara chache, lakini kwenye somo la jiografia mwalimu alitufundisha kwamba kila nchi ina anga lake, na ndege ya nchi nyingine haipiti mpaka iombe. Nilikaribia kuruka kwenye dawati. Likizo hii nikapanda lori la mihogo mpaka Ruangwa, ambako Bi Mwanne amerudi kwa ndugu zake pamoja na Mwamini, Bashiri na wajukuu. Nilimkuta anapepeta ufuta. Bashiri alikuwa anakarabati ghala, wanaitana huku na huko bila mtu wa katikati.

"Bibi," nilisema baada ya shikamoo, "lile swali langu hukunijibu. Tulipokuwa tunafyeka."

"Lipi, mume wangu? Maswali yako ni kama siafu."

"Anga la juu ya shamba lako lilikuwa la nani?"

Aliweka ungo chini. Nilidhani atacheka. Alitazama juu kwa muda, ingawa hapakuwa na kitu.

"Ile ndege ilipozunguka," alisema, "ilishuka sana. Nyinyi mlikuwa mnautazama moto. Mimi niliona dirisha, na dirishani mtu ameshika kichwa hivi, kwa mikono miwili. Hajui atue wapi, na aliyemzuia ni mimi, na kijiti cha moto." Akajishika kichwa kunionyesha. Kisha akachukua ungo wake. "Siku ile lilikuwa langu, mume wangu. Lote. Wala sikulipenda. Lilikuwa na watu ndani."